Damu Isiyohesabiwa Meru na Embu

Kati ya mwaka 1956 na 1959, zaidi ya watu 2,400 walifikishwa mbele ya mahakama za Waafrika wilayani Meru, nchini Kenya, kwa kosa moja. Walikuwa wasichana, wanawake na wanaume, nao walishtakiwa kwa kukaidi amri iliyotolewa Aprili 1956 na wazee wa Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru, ya kupiga marufuku ukeketaji. Ni idadi kubwa kwa wilaya moja, na ndiyo sababu kisa hicho kimeingia katika vitabu vya historia. Mahakama ilitaka kujua nani alishika wembe, nani alijua akanyamaza, msichana ni wa nani na faini italipwa na nani. Damu yenyewe, kwamba ilitoka kiasi gani na ilikatika baada ya muda gani, haikuwa hoja mbele ya hakimu. Naanzia hapo kwa sababu kwa karibu miaka mia moja, kila mwenye mamlaka aliyezungumzia damu ya msichana wa Meru na Embu alizungumzia jeraha lililofanywa na mkono wa mtu. Damu inayokuja yenyewe kila mwezi iliachiwa nyumba ya wanawake, na nyumba hiyo ilipovunjwa hakuna aliyepewa kazi ya kuitazama. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, msichana anayevuja hedhi nyingi kwa kuwa damu yake haigandi ipasavyo bado hana jina katika sehemu hizi. Ugonjwa wake haukukosekana. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama mahali ambapo ungeonekana.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Wameru na Waembu walitofautiana na majirani zao Wakikuyu katika jambo ambalo kwa mada hii ni kubwa sana: msichana wao alitahiriwa akiwa ameshavunja ungo, ndoa ikiwa mlangoni. Huko Meru mambo yalikwenda kwa hatua. Alitogwa masikio. Alichanjwa chale za tumboni, zilizoitwa ncuru. Kisha ndipo kilipofika kisu cha ngariba, kipande cha chuma cha pembetatu kilichoitwa irunya. Hatua zote zilikuwa mikononi mwa wanawake, na juu yao lilisimama baraza lao wenyewe, ntonye, ambalo wanaume hawakuingia. Tuutafakari mpangilio huo kwa macho ya mtu anayejua jinsi damu inavyoganda. Sikio likitogwa, jeraha ni dogo, na kwa mtoto mwenye damu ya kawaida hukauka upesi. Tumbo likichanjwa, jeraha ni pana zaidi. Juu ya hayo kuna miezi kadhaa ya hedhi ambayo mama, nyanya na shangazi wameishi nayo nyumba moja. Msichana ambaye sikio lake lilitiririka hadi jioni, na ambaye hedhi yake ilimlaza, alikuwa ameonekana zaidi ya mara moja kabla ya siku ya kisu. Sidai kwamba wanawake wa ntonye walikuwa na elimu ya magonjwa ya damu. Nadai tu kwamba walikuwa na nafasi ya kuona, na kwamba kuona hutangulia elimu yoyote ya uganga.

Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoukata mfululizo huo, na iliukata kwa nia ambayo haikuhusu damu hata kidogo. Waingereza waliitiisha Embu mwaka 1906 na kuweka kituo chao Meru mwaka 1908. Kufikia miaka ya 1920 maofisa walikuwa na hofu kwamba watu wa wilaya hizi hawaongezeki inavyotakiwa, na chanzo walichokiona ni uavyaji mimba. Msichana aliyeshika mimba kabla ya kutahiriwa alikuwa amevunja mwiko mzito, mugiro, na mimba yake ilitolewa, mara nyingi kwa kukandwa tumbo. Dawa waliyoiona ofisini ilikuwa nyepesi: msichana atahiriwe mapema, kabla ya kuvunja ungo, ili mimba isiweze kutangulia tohara. Amri zikatoka na machifu wakaombwa kuzisimamia. Ni jambo la kushangaza hadi leo kwamba serikali hiyohiyo iliyokuwa ikisikiliza malalamiko ya wamishonari dhidi ya ukeketaji ilijikuta ikiuharakisha. Lakini mimi nataka tuangalie matokeo ambayo hayatajwi. Tangu hapo kisu kilimkuta mtoto ambaye hakuna aliyewahi kuiona hedhi yake. Na mafundisho ya utu uzima, ambayo zamani yalimkuta msichana aliyekwisha kuyaona mambo hayo mwilini mwake, sasa yalimwagwa kwa mtoto ambaye hakuwa na cha kuyalinganisha nayo. Hedhi ilipomjia miaka miwili au mitatu baadaye, mkutano wa kumfunda ulikuwa umekwisha kufungwa.

Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa mwaka 1925 yaliendelea na mjadala uleule wa kisu. Yalijadili mkato upunguzwe kiasi gani, nani aruhusiwe kushika kisu, na ngariba waandikishwe wapi. Misheni nazo zilikuwa zimekwisha kukita mizizi: Waanglikana huko Kigari, Embu, tangu 1910, Wamethodisti huko Kaaga, Meru, tangu 1912, na Kanisa la Skotlandi huko Chogoria tangu 1922, chini ya Dakta Clive Irvine. Mwaka 1929, makanisa ya Skotlandi yalipowataka waumini waape kuuacha ukeketaji, Chogoria ilitikisika na watu wengi wakaondoka kanisani. Madaktari wa misheni walikuwa na haki ya kusema walichosema kuhusu kisu, kwani walishona majeraha yake na kuzalisha wanawake waliokuwa na makovu yake. Hata hivyo, mjadala ulipokwisha kusimama juu ya kisu, kila damu ya msichana ilipata maelezo yake kabla haijachunguzwa. Aliyevuja baada ya tohara alivuja kwa sababu ya tohara. Kwa wazee, huenda mugiro ulivunjwa; kwa mmishonari, mila yenyewe ndiyo iliyoua. Pande mbili zilizopingana kwa kila kitu zilikubaliana bila kujua kwamba hakukuwa na haja ya kuuliza juu ya damu yenyewe.

Inafaa kuweka kando ya picha hiyo jambo lililotokea miaka ileile mbali sana na Mlima Kenya. Mwaka 1924 msichana wa miaka mitano aitwaye Hjördis aliletwa Helsinki kutoka visiwa vya Åland, katika bahari ya Baltiki, amwone daktari Erik von Willebrand. Alikuwa akivuja damu puani na kinywani, na baadhi ya dada zake walikuwa wamekwisha kufa kwa kutokwa damu. Daktari huyo hakuishia kwa mtoto. Aliuliza habari za mama, za nyanya, za shangazi, akaichora familia nzima kizazi kwa kizazi, na mwaka 1926 akachapisha habari za ugonjwa ambao haukufanana na hemofilia iliyojulikana. Hemofilia ilikuwa ugonjwa wa wavulana. Huu ulishika jinsia zote mbili, na wanawake ndio walioonekana kuumia zaidi, kwa sababu wanawake wana hedhi na wanazaa. Hjördis alikufa akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Ugonjwa huo leo unaitwa kwa jina la von Willebrand, nao umekutwa kwa watu wa kila bara, ukiwa ndio ulioenea kuliko yote kati ya kasoro za kurithi za kuganda kwa damu. Tofauti kati ya Åland na Meru ya mwaka 1926 haikuwa darubini wala maabara, maana von Willebrand hakuijua protini inayokosekana. Iligunduliwa miongo kadhaa baadaye. Tofauti ilikuwa swali. Yeye aliuliza damu ya wanawake wa ukoo huu ina nini. Huku kwetu mwaka huohuo watu wenye mamlaka walikuwa wakipima urefu wa mkato.

Marufuku ya 1956 ndiyo iliyobomoa kilichobaki. Ilitolewa wakati wa Hali ya Hatari ya kupambana na Mau Mau, wanaume wengi wakiwa wamefungwa na vijiji vikiwa chini ya ulinzi, na iliidhinishwa na baraza la wanaume bila baraza la wanawake kuulizwa. Ngariba waliogopa wakakaa kando. Wasichana wakaamua kujitahiri wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Walikwenda vichakani kwa makundi, wakakatana wao kwa wao, na badala ya irunya walitumia nyembe zilizonunuliwa madukani. Wembe huo mwembamba wa dukani unastahili kutazamwa kwa karibu. Irunya ilikuwa ya mtu mmoja mwenye jina, aliyejulikana na kila boma, na aliyekuwa na la kujibu msichana akidhurika. Wembe ulikuwa wa yeyote mwenye senti chache, na ulitupwa baada ya kazi. Mkono ulioushika ulikuwa wa rika, si wa nyanya. Haukuwa umewahi kuona hedhi ya mwingine, wala kujua kwamba shangazi wa huyu aliyelala chini alikaribia kufa siku ya uzazi. Baada ya hapo jambo lote likawa siri. Mtoto akivuja kupita kiasi, kumpeleka hospitali kulikuwa sawa na kumpeleka polisi. Mazoea hayo ya kuficha damu ya msichana kwa kuogopa sheria yalianza wakati huo na hayajaisha.

Nitaambiwa kwamba naipamba mila iliyoua. Shutuma hiyo ni nzito na nataka niijibu bila kukwepa. Kisu kiliua, na kilimwua kwa urahisi zaidi msichana yule ninayemtetea hapa: mwenye damu isiyoganda akikatwa sehemu yenye mishipa mingi kiasi hicho, kifo hakiko mbali. Kama kulikuwa na koo za Meru au za Mbeere, upande wa Embu, zilizobeba ugonjwa wa von Willebrand, na hakuna sababu ya kudhani hazikuwako, basi kisu kilikuwa kikiwachukua mabinti zao kimyakimya na mugiro ukibeba lawama. Silii kwa ajili ya kisu. Ninachosema ni kwamba vitu viwili vilikuwa vimefungwa pamoja, ukataji na ujuzi wa wanawake juu ya miili ya mabinti zao, na waliokuja kuukata wa kwanza waliutupa na wa pili. Ilikuwa inawezekana kuvitenganisha. Ushahidi ni kwamba vilikuja kutenganishwa, ingawa kwa kuchelewa miaka 40: mwaka 1996, huko Gatunga katika nchi ya Watharaka, shirika la Maendeleo ya Wanawake na washirika wake walianzisha sherehe iliyoitwa Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walikaa pamoja wakafundwa na wanawake wazima juu ya mwili, hedhi, ndoa na heshima, wakatoka na zawadi, na hakuna aliyeguswa kwa kisu.

Ili tuone kilichopotea, lazima tuelewe mwili wenyewe unavyofanya kazi. Hedhi ni jeraha la kila mwezi linalojifunga lenyewe. Ukuta wa mji wa mimba ukibanduka, mishipa midogo hubaki wazi, na chembe sahani hukimbilia hapo kuiziba. Protini ya von Willebrand ndiyo gundi inayozishikiza chembe hizo kwenye ukuta wa mshipa. Ikiwa pungufu au mbovu, kizibo hakishiki. Sasa, msichana anapoanza hedhi, miaka yake ya kwanza huwa na vurugu hata akiwa mzima kabisa, kwa sababu yai halijaanza kutoka kila mwezi, ukuta hujenga unene kupita kiasi, kisha hubanduka wote kwa wingi. Kwa hiyo mama anayemwambia binti yake kwamba itatulia akikua mara nyingi anasema kweli, na kosa liko hapohapo, kwani kauli hiyohiyo ya kweli humfunika yule mmoja ambaye haitatulia. Dalili zake si za kufikirika: pedi kulowa chepechepe kwa saa moja au mbili, kuamka usiku kubadilisha, mabonge makubwa ya damu, siku zaidi ya saba, na ukiuliza zaidi, damu ya pua ya mara kwa mara, fizi zinazovuja, michubuko bila kugongwa, jino lililong'olewa likavuja hadi kesho yake. Na kwa kuwa tumbo linauma, anapewa aspirini, ambayo huzidhoofisha chembe sahani, na anazidi kuvuja.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa afya, nalo lina uzito wake. Watasema kwamba katika nyanda za chini za Mbeere na Tharaka kuna malaria, kuna minyoo, kuna miaka ya njaa. Msichana akija amepauka, sababu za kawaida ni hizo, na hospitali yenye foleni haiwezi kukimbizana na ugonjwa adimu. Nakubali kwamba kwa watu wote kwa jumla ugonjwa wa von Willebrand wenye kuonyesha dalili ni adimu. Lakini hesabu hubadilika ukishachuja. Katika tafiti za nchi zilizopima, miongoni mwa wasichana wabalehe wanaofika hospitali kwa sababu ya hedhi nyingi, takriban mmoja kati ya watano amekutwa na kasoro ya kuganda kwa damu. Huo si uadimu tena. Malaria na minyoo, tena, haviondoi tatizo hili, vinalificha: msichana wa Ishiara, huko Mbeere, mwenye malaria na damu isiyoganda atatibiwa malaria, atapewa vidonge vya madini ya chuma, na kadi yake itaandikwa upungufu wa damu. Maneno hayo yanaeleza kiwango kilichobaki mtungini bila kusema mtungi unavujia wapi. Vilevile, akija akiwa anavuja, swali la kwanza ni la mimba, na kitabibu ni swali sahihi. Ila katika nchi ambayo tangu miaka ya 1920 imezoea kuitazama damu ya msichana kwa shaka ya uavyaji, jibu likiwa hapana, maswali huelekea kukoma, na yeye mwenyewe hana hamu ya kuulizwa zaidi.

Hapo ndipo ukoo unaporudi na umuhimu wake wote. Ugonjwa huu hurithiwa, na kwa aina yake iliyoenea zaidi, mzazi mmoja mwenye nao anatosha kumpa mtoto. Kwa hiyo nusu ya uchunguzi iko kwenye kumbukumbu za wanawake wa familia: nani alivuja, nani aliongezewa damu akijifungua, nani alikufa kitandani. Kwa Waembu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Jamii inayotunza majina kwa uaminifu huo ingeweza kabisa kutunza habari za damu pia, kama kuzitaja kusingekuwa aibu. Nalo somo la aibu limekuwa kali mno. Mama aliyevuja vivyo hivyo ujanani anadhani ndivyo wanawake wa kwao walivyo, na anamfundisha binti yake kuvumilia kama alivyofundishwa yeye. Yeye ndiye shahidi mkuu wa ugonjwa, na hajui kwamba ana ushahidi.

Miaka ya karibuni imeleta mabadiliko ambayo ni haki kuyasifu. Kenya ilipiga marufuku ukeketaji wa watoto kwa sheria ya 2001, na wa wanawake wote kwa sheria ya 2011. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliokuta asilimia 38 ya wanawake wamekeketwa mwaka 1998 ulikuta asilimia 15 mwaka 2022. Kodi ya pedi iliondolewa mwaka 2004, na sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 2017 ili wasichana wa shule za umma wapewe pedi bure. Hedhi ya msichana ikatajwa bungeni bila kunong'onwa. Hata hivyo, sheria hiyo iliiona hedhi kama upungufu wa kitu cha kuvaa. Pedi hugawanywa kwa wastani, na mwenye damu nyingi ndiye ambaye wastani haumtoshi. Akimaliza pakiti kwa siku mbili, mwalimu mwema atamwongeza nyingine, na kwa wema huo taarifa iliyokuwa ndani ya pakiti ya kwanza inapotea.

Litabaki pingamizi la vifaa: kwamba hata tukiuliza, kipimo chenyewe kiko wapi? Ni kweli kwamba kupima protini ya von Willebrand kunahitaji maabara maalum, na kwamba vipimo vya kawaida vya kuganda kwa damu vinaweza kutoka safi huku ugonjwa upo. Lakini matibabu hayasubiri jina kamili. Asidi ya traneksamiki, ambayo huzuia damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke haraka, ilibuniwa na mke na mume Wajapani, Utako na Shosuke Okamoto, mwaka 1962. Ipo ya kidonge, na dawa yenyewe imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Vidonge vya homoni hupunguza damu. Madini ya chuma hurudisha nguvu. Daktari wa hospitali ya Chogoria, Maua au Embu anayejua kwamba mgonjwa wake huenda ana damu isiyoganda atajiandaa tofauti siku ya upasuaji na siku ya uzazi, na hilo peke yake huokoa mtu.

Na kuhesabu damu hakuhitaji maabara. Tangu 1990 kuna karatasi iliyobuniwa na madaktari wa Uingereza yenye michoro mitatu ya pedi, doa dogo, doa la kati na pedi iliyolowa yote. Msichana huweka alama chini ya mchoro kila anapobadilisha, kwa siku zote za mwezi wake. Hahitaji hata kujua kusoma. Doa dogo ni alama 1, la kati 5, iliyolowa yote 20. Jumla ikizidi 100, amevuja kupita kiasi na anapaswa kuonwa. Pakiti ya pedi nane zinazotolewa darasani, zikilowa zote, ni 160.